Shajara ya mradi: dawa ya minyoo kwa punda wa Bahi, kabla na baada

Oktoba, kiangazi kikiwa kimekolea

Kikundi kimekubali. Wenye punda wa vitongoji vya pembezoni mwa majaruba ya mpunga ya Bahi, mkoani Dodoma, wametoa ruhusa punda wao wachukuliwe kinyesi kabla ya kunyweshwa dawa ya minyoo, kisha wachukuliwe tena wiki mbili baadaye. Tunachotaka kujua ni kimoja: dawa tunayonunua dukani inaua minyoo ya punda hawa, au tunamimina pesa kooni mwao mwaka hadi mwaka?

Yote yalianza na malalamiko. Mama mmoja mwenye punda wawili wa kubebea maji alisimama kikaoni akasema amewanywesha dawa, tena kwa gharama yake, na bado mmoja amekonda, manyoya yamesimama, tumbo limening'inia. Jirani yake akadakia kwamba dawa za siku hizi ni feki. Mzee mmoja akasema punda hana shida ya minyoo, shida ni mzigo. Kila mtu alikuwa na jibu lake, lakini hakuna aliyewahi kuangalia kinyesi.

Punda wa huku ndiye analeta madumu ya maji, ndiye anatoa mpunga jarubani hadi kwenye barabara ya Manyoni na Singida, na mvua ikikata njia ndiye anamfikisha mgonjwa zahanati. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Ukimpoteza, pengo lake halizibiki msimu ujao. Tena biashara ya ngozi imewapunguza punda katika nchi nyingi za Afrika, hadi mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kwa hiyo nasema wazi tangu mwanzo: punda tulionao tuwatunze kwa kujua tunachofanya.

Oktoba, mwishoni: kwa nini hatuanzi sasa

Tumebishana sana juu ya hili, na nadhani ndilo jambo lenye uzito kuliko yote tuliyoamua.

Mzee mwenye punda wengi kuliko wote alitaka tuanze mara moja. "Mwanangu," aliniambia, "punda amekonda sasa, majani hakuna, mtibu sasa." Nilimwelewa. Desturi ya wengi ni kuwanywesha mifugo wote kiangazi kikiwa kikali, wakati mnyama anaonekana dhaifu.

Nilimweleza hivi. Minyoo tunayoihofia zaidi kwa punda ni jamii ya strongili. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakipata unyevu na joto huanguliwa, mabuu hukua humo humo kwenye kinyesi, kisha hupanda kwenye majani na kungoja punda aje ale. Jua la Dodoma la Septemba na Oktoba huyakausha mabuu hayo. Kwa hiyo kiangazi, malishoni mabuu hai ni machache mno, na minyoo mingi iliyobaki hai imo ndani ya matumbo ya punda. Ukiwapa punda wote dawa wakati huo, unaua ile inayokufa kwa dawa, na ile michache isiyokufa kwa dawa ndiyo inabaki peke yake. Mvua ikinyesha Desemba, malisho yote yanajazwa na watoto wa hao waliobaki. Mwaka mmoja hutaona tofauti. Baada ya misimu kadhaa una kijiji kizima chenye minyoo sugu.

Ukitibu wakati malishoni kuna mabuu mengi ambayo hayajawahi kukutana na dawa, minyoo sugu iliyobaki tumboni huchanganyika na hiyo mingine, na usugu unachelewa. Mzee alinyamaza kidogo, akauliza: "Na huyu aliyekonda leo?" Swali la haki. Tumekubaliana kwamba aliye dhaifu kweli atapimwa na kutibiwa peke yake bila kungoja, atapumzishwa mikokoteni na kuongezewa pumba na mashudu ya alizeti. Wengine wote wanangoja mvua.

Novemba: vifaa

Hadubini tumeazima. Kioo cha kuhesabia mayai, kile chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari kinachoitwa McMaster, tumekinunua. Vingine vinapatikana hapa hapa: chumvi ya mezani, chujio la chai, mizani ndogo, vikombe, glavu, mifuko ya plastiki, kipozeo chenye barafu. Chumvi tunaiyeyusha kwenye maji ya moto, karibu gramu 400 kwa lita, hadi isiyeyuke tena. Maji hayo mazito ndiyo yanayoyainua mayai.

Januari: kipimo cha kwanza

Mvua imekaa sawa, nyasi zimefika kwenye vifundo, na punda wameanza kunenepa hata kabla hatujawagusa. Hilo limeandikwa kwenye daftari, kwa sababu mtu asipoangalia atasema ni dawa iliyowanenepesha.

Kinyesi lazima kiwe cha muda huo huo. Tunafika mazizini kabla punda hawajafunguliwa, tunangoja, na kikianguka tunaokota mafundo ya juu ambayo hayajagusa udongo. Kwa punda mpole tunachukua moja kwa moja kwa glavu. Mfuko unabanwa hewa yote itoke, unaandikwa alama ya punda, unaingia kwenye kipozeo. Kwa joto la huku mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na yai lililoanguliwa halihesabiki tena. Ukiweka mfuko juu ya mkokoteni juani hadi jioni, umepoteza kazi ya asubuhi nzima.

Mezani kazi ni hii. Gramu 3 za kinyesi zinapondwa kwenye mililita 42 za maji ya chumvi, zinachujwa, kisha maji yanavutwa kwa bomba dogo na kujazwa kwenye vyumba viwili vya kioo. Unangoja dakika tano. Mayai yanapanda juu na kugota chini ya kioo, uchafu unazama. Unahesabu yote yaliyo ndani ya mistari ya vyumba vyote viwili, unazidisha kwa 50, unapata idadi ya mayai kwa kila gramu ya kinyesi. Ukikuta mayai 20, basi ni 1,000 kwa gramu.

Mara ya kwanza kuangalia, kila kitu kinaonekana yai. Viputo vya hewa ndivyo vinavyodanganya zaidi: ni duara kamili na vina ukingo mweusi mnene. Chavua za maua nazo zina vimiba. Yai la strongili lina umbo la yai kweli, refu kidogo, ganda jembamba linaloonesha ndani, na mle ndani kuna chembe zilizosongamana kama kichala cha zabibu za Hombolo. Ukishaliona moja ukalijua, jicho linayaokota mengine lenyewe. Kijana anayetusaidia, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyelijua upesi kuliko sisi wote. Nilimwacha ahesabu, nami nikahesabu nyuma yake bila kuona alichoandika, na tulipotofautiana tulirudia kioo.

Kingine cha kuandika: mayai hayakugawanyika sawa. Punda wengi walikuwa na mayai machache au hawakuwa nayo kabisa, na wachache walikuwa wamejaza kioo. Kwa farasi hili linajulikana siku nyingi, kwamba takriban asilimia 20 ya wanyama ndio hutoa karibu asilimia 80 ya mayai yote yanayoanguka malishoni. Kwetu picha ni ile ile. Na yule jike aliyekonda wa yule mama hakuwa miongoni mwa hao wenye mayai mengi. Tulipomfungua mdomo kuangalia, meno yake ya nyuma yalikuwa na ncha kali na shavu lilikuwa na vidonda. Alikuwa anashindwa kutafuna. Dawa ya minyoo isingemsaidia hata angepewa kila mwezi. Mtaalamu wa mifugo amekuja kumsawazisha meno.

Januari: uzito, kisha dawa

Hapa ndipo dawa nyingi huharibikiwa, na si kwa kosa la kiwandani.

Tuliwaomba wazee watatu wamkadirie punda mmoja kwa macho. Mmoja alitaja kilo 80, wa pili 120, wa tatu 200. Tukapima kwa futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele ulikuwa sentimita 115, na urefu wa mwili kutoka kiwiko hadi mfupa wa nyuma ya nyonga sentimita 100. Kuna kanuni iliyotengenezwa kwa punda wa kazi, nayo kwa vipimo hivyo inatoa kama kilo 145. Aliyesema 80 angempa punda huyu dawa kidogo zaidi ya nusu ya anayostahili.

Tumewagawa punda wenye mayai ya kutosha makundi mawili. Sharti ni kwamba punda awe na mayai yasiyopungua 200 kwa gramu, kwa sababu ukianza na mayai machache mno hesabu ya baadaye haina maana. Kundi la kwanza limepewa fenbendazoli, miligramu 7.5 kwa kilo. Kundi la pili limepewa ivermektini ya kumezwa, miligramu 0.2 kwa kilo.

Angalia chupa. Dawa za jamii ya fenbendazoli na albendazoli huuzwa kwa nguvu tofauti, asilimia 2.5 na asilimia 10, na chupa zinafanana. Punda wa kilo 145 anahitaji kama mililita 11 za ile ya asilimia 10, lakini mililita 44 za ile ya asilimia 2.5. Mtu aliyezoea kikombe kimoja akibadilishiwa chupa dukani bila kusoma, anampa punda robo ya dozi, au mara nne yake. Dozi pungufu ndiyo mbaya zaidi kwa kijiji: inaua minyoo dhaifu na kuifundisha ile yenye nguvu kidogo kuishi.

Ivermektini ya farasi huja kwenye bomba la dawa nzito kama dawa ya meno, lenye alama za kilo pembeni. Bomba la farasi wa kilo 600 linatosha punda wanne wa kilo 145, ukisogeza kizuizi vizuri kila punda. Tumekataa kabisa kutumia ivermektini ya sindano ya ng'ombe. Najua inafanyika, kwa sababu ndiyo rahisi kupatikana, lakini haikutengenezwa kwa jamii ya farasi na punda, na ikichomwa kwenye msuli inaweza kuleta uvimbe na maambukizi mabaya. Levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi, nayo haimfai punda; pengo kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni dogo mno kwake.

Kunyweshwa kwenyewe: mdomo uwe hauna majani, bomba liingie pembeni pasipo na meno, dawa iwekwe nyuma juu ya ulimi, kichwa kiinuliwe hadi ameze. Punda ni mvumilivu na mjanja. Anaweza kusimama kimya na dawa yote iko shavuni, ukigeuka anaitema. Tulibaki na kila mmoja hadi koo licheze, kisha tukaangalia chini ya midomo yake.

Mama mmoja alinivuta kando akaniuliza kama ivermektini na albendazoli hizi ndizo zile tunazogawiwa sisi binadamu kwenye kampeni ya kuzuia matende na mabusha. Nikamwambia ndiyo, ni dawa za jina hilo hilo, lakini za punda zimepimwa kwa mwili wa mnyama mkubwa, na mtu asizionje hata kidogo. Ivermektini asili yake ni bakteria wa udongo aliyepatikana Japani. Waliofanikisha kazi hiyo, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Februari: wiki mbili baadaye

Idadi ya kila punda imebaki kwenye daftari la kikundi, kwa wenyewe. Hapa naandika tulivyohesabu na tulichokiona.

Hesabu ni hii. Chukua wastani wa mayai ya kundi kabla ya dawa, toa wastani wa baada ya dawa, gawanya kwa wa kabla, zidisha kwa 100. Kwa mfano, kundi likianza na wastani wa 1,000 likabaki na 300, dawa imepunguza mayai kwa asilimia 70. Kwa dawa za jamii ya fenbendazoli, kushuka chini ya asilimia 90 kunatosha kushuku usugu. Kwa ivermektini, ambayo ikiwa nzima hupunguza kwa zaidi ya asilimia 99, mpaka ni 95.

Kundi la ivermektini: kioo baada ya kioo, hakuna kitu. Kijana wetu alidhani amekosea kuchanganya chumvi, tukaweka kinyesi cha punda asiyetibiwa kwenye maji yale yale, mayai yakapanda. Maji yalikuwa mazuri. Strongili waliokomaa wa punda hawa wanakufa kwa ivermektini.

Kundi la fenbendazoli: mayai bado yapo. Kwa baadhi ya punda yamepungua, kwa wengine huwezi kutofautisha kioo cha Januari na cha Februari. Kundi zima liko chini ya mpaka wa 90, tena mbali.

Jirani aliyesema dawa ni feki alifurahi. Sikumkubalia haraka, na hapa nataka anayesoma anielewe vizuri. Dawa ikishindwa kuna mambo manne ya kuuliza kwa mpangilio. Dozi ilitosha? Tulipima uzito. Ilimezwa? Tulisimamia. Dawa yenyewe ni nzima? Ilikuwa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, tarehe yake haijapita, na haikuanikwa kwenye kaunta yenye jua. Yakishakaa sawa hayo matatu ndipo unalitaja la nne, kwamba minyoo yenyewe imekuwa sugu. Na la nne ndilo linalolingana na yanayojulikana duniani. Dawa ya kwanza ya jamii hii, thiabendazoli, iliingia sokoni mwaka 1961, na ndani ya muongo huo huo strongili wadogo wa farasi walishaanza kuonekana sugu. Leo usugu huo umeenea karibu kila mahali wanakofugwa farasi na farasi wadogo. Huku tumekuwa tukiwanywesha punda jamii hiyo hiyo ya dawa, wote kwa pamoja, kiangazi, kwa kipimo cha macho. Sishangai.

Februari, bado: mtoto wa punda wa zizi la juu

Huyu anastahili ukurasa wake.

Ni dume wa miezi kadhaa, tumbo kubwa, anakohoa kidogo. Kwenye kioo chake yalionekana mayai ya namna nyingine: duara, ya kahawia, ganda nene lenye kwaruzo. Hayo ni ya Parascaris, mnyoo mkubwa mweupe wa watoto wa farasi na punda, ambaye mabuu yake hupita kwenye ini na mapafu kabla ya kurudi utumboni, ndiyo maana ya kile kikohozi. Alipewa ivermektini pamoja na mama yake. Wiki mbili baadaye mama alikuwa safi. Mtoto, mayai yake ya Parascaris yako vile vile.

Kama nisingekuwa nimesoma juu ya hili ningesema aliitema. Lakini Parascaris asiyekufa kwa ivermektini aliripotiwa Uholanzi mwaka 2002, na baadaye katika nchi nyingine nyingi. Dawa inayomuua mnyoo wa mama inaweza kumwacha mnyoo wa mtoto.

Tukampa fenbendazoli, dawa ile ile iliyoshindwa kwa wakubwa. Mayai yamekwisha. Mwenye punda alicheka kwa furaha akasema sasa haelewi dawa ipi ni nzuri. Nikamwambia, baba, ndiyo maana tunahesabu. Mtoto mmoja si ushahidi wa kijiji kizima, na watoto watakaozaliwa tutawapima wote kabla sijasema zaidi. Nilimwonya pia: mtoto mwenye Parascaris wengi akipewa dawa kali ghafla, minyoo iliyokufa inaweza kuziba utumbo. Kwa hiyo atazamwe siku mbili tatu, na akigaagaa au akikataa kunyonya aitwe daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Kwa punda kukataa chakula ni hatari kwa umri wowote, maana mafuta yake ya mwilini humiminika kwenye damu na ini kushindwa kazi. Tena punda haoneshi maumivu kama farasi anavyofanya. Anasimama tu, kichwa chini.

Machi: mayai yanarudi, na mabuu kwenye chupa

Kundi la ivermektini limeanza kuonesha mayai tena. Hilo lilitarajiwa. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, lakini mabuu ya strongili wadogo hujizika kwenye ukuta wa utumbo mpana, na yanaweza kulala humo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Ivermektini haiyafikii vizuri yakiwa bado machanga. Mengine yanaamka na kushika nafasi za waliokufa. Kwa hiyo kioo kitupu hakimaanishi tumbo tupu. Kinamaanisha hakuna mnyoo anayetaga leo. Tunaandika wiki ambayo kila punda ameanza kutoa mayai tena. Muda huo ukifupika mwaka hadi mwaka, huwa ni dalili ya kwanza kwamba dawa inachoka, kabla hata kipimo cha wiki mbili hakijaonesha kitu.

Mayai ya strongili wadogo na wakubwa hayatofautiki kwa macho, na tofauti ni kubwa kwa punda. Strongili mkubwa, *Strongylus vulgaris*, mabuu yake husafiri ndani ya mishipa ya damu ya utumbo na kuiziba. Punda akafa kwa tumbo ghafla bila mtu kujua sababu. Ili kuwatambua tumelea mabuu. Kinyesi kinawekwa kwenye chupa yenye unyevu, kifuniko kimelegezwa, mahali penye kivuli na joto la chumba, siku kumi hivi. Kisha kinafungwa kwenye kitambaa na kuning'inizwa kwenye faneli yenye maji ya uvuguvugu; mabuu huteremka hadi chini. Buu la strongili mdogo lina seli 8 za utumbo, kubwa na wazi. Buu la *vulgaris* lina kati ya 28 na 32, ndogo, zimepangana safu mbili.

Tuliowaona karibu wote ni wa seli 8. Lakini kwenye chupa ya punda mmoja kulikuwa na yale mengine. Kijana aliniita, akahesabu kwa sauti, nikahesabu naye. Punda huyo anatoka kitongoji ambacho hakuna aliyewahi kuwanywesha dawa yoyote. Maana yake ni kwamba kuacha dawa kabisa nako kuna hatari yake, nami sitaki mtu asome shajara hii akadhani tunasema dawa zitupwe. *Vulgaris* huchukua miezi sita hadi saba tangu kuliwa hadi kutaga, kwa hiyo ivermektini mara moja au mbili kwa mwaka inatosha kumdhibiti. Punda wa kitongoji hicho wamewekwa kwenye orodha.

Aprili: kikao

Tumekaa chini ya mbuyu na wenye punda wote. Nimewapelekea hadubini ili kila mtu aangalie mwenyewe. Bibi mmoja alikaa na jicho kwenye kioo muda mrefu, akauliza kama hayo yote yametoka kwa punda wake. Nikamwambia ndiyo, shikamoo bibi, ni wake. Akaniambia nimpe dawa leo. Namba zake ziko juu, atapata.

Yaliyokubaliwa: fenbendazoli haitatumika tena kwa punda wakubwa wa hapa. Itabaki kwa watoto wenye Parascaris. Ivermektini itatolewa wakati wa mvua kwa wenye mayai mengi. Mpaka tuliochagua ni 500 kwa gramu, upande wa juu wa kiwango kinachotumika kwa farasi, ambacho ni kati ya 200 na 500. Wenye mayai machache na afya njema wataachwa. Hili lilikuwa gumu. Mtu akimwona punda wa jirani anapewa dawa na wake hapewi, anajiona amepunjwa. Nikawaambia Denmark tangu mwaka 1999 dawa hizi hazinunuliwi bila cheti cha daktari wa mifugo, na wanapima kinyesi kwanza. Mzee wetu akajibu kwamba Denmark kuna daktari kila kona. Kweli. Ndiyo maana hadubini inabaki hapa kijijini.

Kinyesi kwenye zizi na kwenye njia ya kisima kitaokotwa mara mbili kwa wiki wakati wa mvua na kurundikwa. Rundo likipata moto wa ndani mayai na mabuu hufa, na samadi inaenda shambani kwenye uwele na mtama. Njia hii haigharimu chochote, na kwa maoni yangu ina nguvu kuliko watu wanavyoipa sifa. Punda na ng'ombe watapishana malishoni. Minyoo mingi ya punda haiwezi kuishi kwa ng'ombe, hivyo ng'ombe akila majani yenye mabuu ya punda anayafyeka.

Niliongeza jambo la mende wanaoviringisha mavi. Ivermektini hutoka na kinyesi kwa siku kadhaa na huwadhuru mabuu wa mende hao, ambao ndio wanaofukia kinyesi na kukikausha bila mtu kulipwa. Ukimtibu kila punda kila mara, unawaua wafanyakazi wako.

Suala la mwarobaini liliulizwa, kama kawaida. Sikulipuuza wala kulikubali. Aliyeuliza yuko tayari punda wake wapimwe kabla na wiki mbili baada ya kuwapa, kwa kipimo kile kile na hesabu ile ile. Wataingia kwenye awamu ijayo.

Mei: kinachofuata

Mvua zimekatika. Dawa haitolewi tena hadi Januari, isipokuwa kwa aliye dhaifu na amepimwa. Juni tunapima punda wote tena bila kuwapa kitu, ili tujue nani anaendelea kutoa mayai mengi kila anapopimwa na nani alikuwa nayo mara moja tu. Watoto waliozaliwa msimu huu wanapimwa wakifika miezi mitatu, maana Parascaris huchukua wiki kumi hadi kumi na mbili kuanza kutaga.

Kutoka vitongoji jirani wameanza kuuliza. Anayetaka punda wake aingie kwenye hesabu alete kinyesi cha asubuhi hiyo hiyo, mafundo mawili matatu yanatosha, kwenye mfuko uliobanwa hewa, kila punda na mfuko wake wenye alama, kabla ya saa tatu. Na aje na chupa au pakiti ya dawa ya mwisho aliyotumia, hata kama ni tupu. Tunataka kusoma nguvu yake.